Jinsi ya Kukisingizia Kidole cha Mteja

Programu zote hukosea, na yako itakosea kesho saa nne asubuhi mbele ya mteja anayelipa. Hilo halizuiliki, kwa hiyo usikose usingizi. Kazi yetu leo ni ndogo na ya heshima: kosa likishatokea, mteja akitazame kidole chake, akisugue kwenye nguo, kisha aombe radhi. Akishaomba radhi, umefuzu.

Bahati ilitupendelea zamani. Mwaka 1965, huko Uingereza, E. A. Johnson alichapisha maelezo ya kioo kinachosikia mguso wa kidole. Mwaka huohuo Mwingereza mwingine, Tony Hoare, alikuwa akitengeneza lugha ya ALGOL W, akatia humo rejeo lisiloelekeza popote, null, kwa sababu tu lilikuwa rahisi kulitia. Mwaka 2009 alisimama hadharani akaliita kosa lake la dola bilioni moja. Sisi tumerithi vyote viwili, kidole na utupu, na tunalipwa mshahara kuvikutanisha.

Mifano nitaitoa kwenye Flutter, fremuweki ya Google iliyofika toleo la 1.0 Desemba 2018, kwa sababu ndiyo inayonilisha. Wewe wa React Native usinune. Kwako mambo ni hayohayo, majina tu yamebadilika.

1. Jaribia kwa kipanya

Programu yako ijaribie ndani ya kompyuta, kwenye emuleta. Mshale wa kipanya una ncha ya pikseli moja. Hautoki jasho, hauna unga, haujafungwa plasta. Hata kitufe kikiwa punje ya mtama, mshale utakipata.

Ukilazimika kutumia simu, tumia yako: mpya, kioo hakina ufa, na kidole gumba ni cha mtu yuleyule aliyechora vile vitufe, kinajua njia hata gizani. Usije ukaazima simu ya dada wa genge, yenye kioo kilichopasuka kona na protekta iliyoanza kubanduka. Simu ile itakwambia ukweli wote kwa dakika mbili, na wewe una mkutano na wawekezaji Alhamisi.

2. Bana vitufe

Apple husema kitufe kisipungue pointi 44 kila upande. Google husema dp 48, kama milimita 9 hivi. Hao wana nafasi. Skrini yako ina mambo mengi, tena umeshamwahidi bosi kwamba yote yataonekana bila kushuka chini.

Hapa Flutter itakuletea ubishi kidogo. Vitufe vyake vya Material, hata ukivichora vidogo, huongezewa kimyakimya eneo la kuguswa mpaka lifike 48. Usikate tamaa. Ipo swichi iitwayo shrinkWrap, inayoliondoa eneo hilo lote. Iwashe. Kisha weka "Futa" na "Hifadhi" bega kwa bega, rangi moja, kama mapacha waliovishwa sare.

3. Acha mguso upite hewani

Sogea karibu, maana hapa ndipo ufundi ulipo. Chukua mstari mmoja wa orodha: kushoto jina la mwanachama, kulia kiasi alichochanga, katikati uwazi mpana. Mstari wote uzungushie GestureDetector, uagize kwamba ukiguswa ufungue ukurasa wa mwanachama. Bonyeza jina, unafunguka. Bonyeza kiasi, unafunguka. Bonyeza katikati, pale ambapo kila mwanadamu hubonyeza: kimya.

Sababu ni kwamba GestureDetector yenye mtoto, usipoiagiza vingine, humsubiri mtoto aseme kaguswa, na uwazi hauna wa kusema lolote. Mteja anaona mstari mmoja. Kioo kinaona Unguja na Pemba, na boti hakuna.

Atakuja mwenzako na dawa: upe mstari rangi ya nyuma, hata iwe ile isiyoonekana, na mguso utaanza kusikika. Ni kweli, utasikika, na wengi wetu tumeitumia dawa hiyo kwa miaka kama hirizi, bila kujua inatibu nini. Anayejua huandika HitTestBehavior.opaque akaenda zake kula. Mtu wa namna hiyo usimkaribishe kwenye mradi.

Baada ya hapo futa kila dalili kwamba mguso umepokelewa. InkWell ina tabia ya kutoa wimbi linalotanda kutoka chini ya kidole, kama tone la maji kwenye beseni. Linapendeza, na ni la hatari, kwa sababu linamwambia mteja, nimekusikia. Lifiche kistaarabu: ndani ya InkWell weka Container yenye rangi nzito. Wimbi huchorwa kwenye Material iliyo chini, kwa hiyo Container italifunika kama shuka. Lipo, linatanda, hakuna anayeliona. Ukiulizwa, fungua kodi (hii ya kompyuta, si ya TRA wala ya mwenye nyumba) uonyeshe kwa kidole: InkWell si hii hapa?

Sasa mtu aliyebonyeza asione kitu hufanya nini? Hubonyeza tena.

4. Kitufe kibaki wazi

Niliwahi kuandika programu ya kutunzia michango ya kikoba cha akina mama mtaani kwetu. Mweka hazina wao ni mama anayekaanga maandazi tangu alfajiri. Kitufe cha "Weka" nilikiacha wazi wakati ombi limeshakwenda seva, na seva yenyewe ilikuwa ya bei ya chini, ikijibu baada ya sekunde sita siku ikiwa na moyo mzuri. Siku ya kwanza ya mchango simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Nisamehe nakusumbua. Hivi hii programu yako inataka vidole vya namna gani?"

"Kuna nini mama?"

"Namwekea mwenzangu elfu kumi, nabonyeza haikubali, nabonyeza haikubali. Sasa imeandika elfu arobaini. Nadhani ni haya mafuta, vidole vinateleza. Nimevifuta na kanga, lakini wapi."

Nikanyamaza kidogo. Zingatia kimya hicho. Ni cha mtu anayetafuta sauti ya daktari. Kisha nikasema:

"Mama, jaribu kubonyeza polepole."

"Haya mwanangu. Nitamwita mjukuu anibonyezee, yeye vidole vyake vyembamba. Unisamehe sana."

Elfu thelathini zimezuka kutoka hewani, na aliyeomba msamaha ni yeye. Sijawahi kufika tena kilele kile.

Ungeweza kuharibu yote haya kwa mistari michache: onPressed ipewe null mara baada ya mbonyezo wa kwanza, kitufe kififie mpaka jibu lirudi, na kila ombi libebe namba yake ya pekee ili seva ikiliona mara ya pili ijue ni lilelile. Mistari michache, lakini ni ya Ijumaa jioni. Nenda nyumbani.

5. Panga ratiba ya ligi

Flutter ina kitu inachokiita uwanja wa ishara. Kidole kikigusa kioo, wapokeaji wote walio chini yake huingia uwanjani: wa kubonyeza, wa kushikilia, wa kuburuta. Kidole kikisogea kupita pikseli 18 hivi, wa kubonyeza anatoka na wa kuburuta ananyanyua kombe. Kikitulia nusu sekunde, wa kushikilia amechukua. Akibaki mmoja peke yake, ameshinda kwa kukosa mpinzani. Ni ligi ya haki kabisa, ila haki ya ligi huwa mkononi mwa anayepanga ratiba, na anayepanga ni wewe.

Panga hivi. Weka kurasa zinazopinduliwa kwa kutelezesha kidole pembeni. Ndani ya ukurasa weka orodha ambayo kila mstari wake hufutwa kwa kutelezesha kidole pembeni vilevile. Wote wawili wanautaka mwendo mmoja, na wa ndani husikia kwanza. Mteja alikuwa anakwenda ukurasa wa pili, amemfuta mwanachama. Usimwulize kama ana uhakika. Kumwuliza mtu mzima kama ana uhakika ni kumdharau.

Halafu ongeza onDoubleTap kwenye kitufe kisichoihitaji. Kuanzia hapo kila mbonyezo mmoja utakaa milisekunde 300 ukichungulia mlangoni, isije ikawa wa pili yuko njiani. Vivinjari vya simu vilikuwa na uchelevu huohuo kwa miaka, kwa ajili ya watu wanaokuza ukurasa kwa mibonyezo miwili, mpaka Chrome ya Android toleo la 32, mwaka 2014, ilipouondoa kwa kurasa zilizoandaliwa kwa simu. Watu walifurahi. Warudishie.

Jingine dogo, la wenye haraka: kitufe kibadilike rangi kidole kikishuka na kirudi rangi yake kidole kikiinuka, basi. Kidole kilichoshuka kikaanza kuburuta orodha hakiinuki kama mbonyezo. Kwa kitufe huo ni mguso uliokatishwa, na onTapCancel wewe hukuiandika. Kitufe kitabaki cha bluu mpaka mtu afunge programu. Wengine watadhani ni urembo.

6. Kosa lizikwe bila matanga

Tutoke kwenye kidole, twende kwenye msiba wenyewe. Wahenga walishatuandikia kodi hii: funika kombe mwanaharamu apite. Kwa Dart, lugha ya Flutter, ni try, kisha catch, kisha mabano mawili yenye upepo ndani. Kosa linaingia, halitoki.

Kikaguzi cha Dart kitakusuta kwamba umeacha catch tupu. Lakini soma kanuni yake mpaka mwisho, utaona kwamba hunyamaza kabisa ukiliita kosa lile kwa alama ya mstari wa chini tu: catch (_). Yaani marehemu akizikwa bila jina, afisa anagonga muhuri. Sijawahi kuona sheria yenye huruma kama hiyo.

Ukiona hilo ni la kikatili, andika print ndani ya catch. Utalala umetulia, na ujumbe utakwenda kwenye simu ya mteja, mahali ambapo yeye hawezi kuusoma na wewe huwezi kuufikia.

Makosa ya baadaye yana raha yake. Ita kazi inayokwenda seva, usahau kuandika await, na uizungushie try nzuri yenye maelezo. Kodi inapita, try inafunga mlango wake na kuzima taa, na sekunde sita baadaye kosa linafika barazani na kukuta nyumba imelala. Mkaguzi atakayesoma kodi ataona try. Atatikisa kichwa kwa kuridhika.

Nikuonye lakini: hawa watu wa Flutter hawaachi kuongeza nyavu. Makosa ya kuchora skrini yananaswa na FlutterError.onError. Kwa yale yanayoponyoka tulikuwa tunahangaika na runZonedGuarded, na tangu toleo la 3.3 la mwaka 2022 wanapendekeza PlatformDispatcher.onError, inayodaka yote ambayo hakuna mwingine aliyeyadaka. Ukiisoma haraka inatisha. Ukiisoma taratibu utaona inataka kwako neno moja tu: true, maana yake nimelishughulikia. Jibu true. Hakuna anayekuja kukagua.

7. Apa

Ule utupu wa Hoare walijaribu kutunyang'anya. Dart 2.12, Machi 2021, ilileta ukaguzi wa null, na Dart 3, Mei 2023, ikaufanya wa lazima. Sasa kompaila inakataa kabisa mpaka uitolee maelezo kila kitu kinachoweza kuwa tupu.

Wakatuachia mwanya mmoja, alama ya mshangao. Ukiiweka mwishoni mwa jina unaiambia kompaila: haki ya Mungu, hapa pana kitu. Kompaila ni mcha Mungu, itakuamini papo hapo. Mimi nimewahi kuhesabu viapo 43 kwenye faili moja niliyoiandika usiku wa kuamkia uzinduzi, na vingi ni vya uongo. Jina la mwanachama lipo, wallahi. Namba ya simu ipo, wallahi. Mama mmoja alijiunga bila namba ya simu kwa sababu simu ni ya mumewe, na ukurasa wote ukaanguka kwa ajili yake.

Ukurasa ukianguka huonekanaje? Kwako, wakati unatengeneza, ni nyekundu iliyoiva yenye maandishi ya njano, mambo ya kutia aibu. Kwa mteja, kwenye toleo lililokwenda dukani, mahali palepale huja kijivu. Kijivu kitupu, hakina hata neno. Ukuta wa saruji uliopigwa lipu vizuri. Nimeona watu wakikitazama dakika nzima wakisubiri kitu, kwa adabu.

Vivyo hivyo ile mistari ya njano na nyeusi inayojitokeza maandishi yakizidi upana wa skrini, kama utepe wa polisi. Mteja hataiona kamwe, maana toleo la dukani haliichori. Kwa hiyo ukiiona, usihangaike na upana. Peleka programu dukani haraka, utepe utatoweka. Jina la mtu litakuwa limekatwa nusu, lakini watu wanajijua majina yao.

8. Mtandao, mtandao, mtandao

Imebaki sentensi ya kumwambia mteja. Seva imekufa, jibu limekuja na herufi isiyotakiwa, muda umekwisha, umekosea hesabu mwenyewe: kwa Dart hayo ni makosa manne yenye majina manne. Kwako yawe sentensi moja: "Angalia mtandao wako, kisha ujaribu tena."

Hakuna sentensi iliyoandaliwa vizuri zaidi na jamii. Huyu mteja amesimama foleni dirishani akaambiwa mtandao uko chini. Amenunua bando likaisha kabla hajafungua picha. Akisoma neno mtandao hashangai wala hakasiriki. Anapandisha simu juu ya kichwa, anatoka nje, anasimama karibu na mwembe. Nimemwona mtu akifanya hivyo akiwa na mtandao wa kutosha kutazama mpira, na kosa likiwa ni koma niliyoisahau mimi.

Neno "wako" usilisahau. Ndilo lililobeba mzigo wote.

Ujumbe huo uweke kwenye kile kijibango cha SnackBar kinachochomoza chini ya skrini. Usipokigusa hukaa sekunde nne kisha hujiondoa. Sekunde nne zinamtosha mtu kujua kwamba kuna jambo lilisemwa. Akitaka kulisoma, atabonyeza tena, na wewe unajua kinachotokea akibonyeza tena.

Wiki iliyopita nilipita kwa mweka hazina kununua maandazi. Simu iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mezani kuna kaunta buku, na kalamu imefungwa kwa kamba isiibwe. Nilipokuwa nasubiri chenji alikosea kuandika, akaweka elfu tano kwenye jina la mwingine. Akapiga mstari mmoja juu ya kosa, hesabu ya zamani bado inasomeka, akaandika sahihi pembeni, akatia herufi za jina lake na tarehe, akamwita mwenye jina aje aone. Vidole vimejaa mafuta, na ukurasa ukabaki na alama ya gumba.

"Mwanangu," akaniuliza, "ile programu yako imeshatengemaa? Maana hawa wanaona nawachelewesha na daftari."

Nikachukua maandazi yangu. Nikamwambia tunasubiri mtandao ukae sawa.